Kabla ya Kufunga Tabo Kubwa



Mwezi uliopita tulitembelea darasa moja la kisomo katika kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha. Baada ya somo la hesabu, mzee mmoja alituomba tubaki kidogo. Alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa barua kutoka kwa mwanawe ambaye ni fundi magari mjini. Kijana huyo hupiga simu kila wiki, lakini safari hii aliamua kuandika kwa sababu anajua baba yake sasa anasoma. Mzee aliisoma barua yote mbele yetu, bila kumwita mtoto wa jirani amsaidie. Neno moja tu lilimshinda. Neno lenyewe ni "tabo".

Kwa kifupi, kijana aliandika hivi. Amenunua gari la mbio aina ya Subaru Impreza, lililotumika Japani. Anataka kushindana katika mbio za magari. Gari hilo lina tabo tayari, lakini ni ndogo. Anataka kuitoa na kufunga iliyo kubwa zaidi. Kwa hiyo anamwomba baba yake auze ng'ombe 2 ili amsaidie fedha.

"Ng'ombe ninao," mzee akatuambia. "Lakini mwalimu, nauza ng'ombe wangu ninunue nini hasa?"

Siku ile hatukuwa na jibu. Sisi tulisomea ualimu, si ufundi wa magari. Basi tukaenda kwenye gereji moja mjini, tukakaa siku 3, tukauliza na kuandika. Tumeona kwamba jibu la mzee linawafaa na wengine. Vijana wetu wengi wamo magereji, na wazazi huombwa fedha kwa mambo ambayo hawajaelezwa.

MIVUKUTO YA INJINI

Injini hula nini? Wengi watajibu: petroli. Ni kweli, lakini chakula chake kikubwa ni hewa. Ili kilo 1 ya petroli iungue vizuri, zinahitajika kilo 14.7 hivi za hewa. Pistoni ikishuka ndani ya silinda inavuta hewa, kama pampu ya baiskeli unapovuta mpini. Ikipanda inaibana hewa hiyo. Plagi inatoa cheche, petroli inawaka, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo inayozungusha magurudumu.

Sasa mkumbukeni mhunzi. Akitaka moto mkali hamwagi mkaa tu, anavuta na mivukuto. Hewa ikiingia kwa wingi moto unapanda na chuma kinakuwa chekundu. Basi tabo ni mivukuto ya injini.

Ila mivukuto hii haivutwi kwa mkono. Inaendeshwa na moshi. Ndani ya tabo kuna magurudumu 2 madogo yenye mapanga kama ya feni. Yote mawili yamefungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moto unaotoka kwenye injini kwenda ekzosi hupita kwenye gurudumu la kwanza na kulizungusha. Gurudumu la pili, kwa kuwa liko kwenye mhimili uleule, nalo huzunguka, likavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya injini. Moshi ambao ungetoka bure unapewa kazi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hataza ya ubunifu huu, mwaka 1905.

Mwendo wa mhimili huo unashangaza. Mashine ya kusaga ya zamani aina ya Lister huzunguka mara 650 kwa dakika. Mhimili wa tabo ya gari dogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hebu isome tena tarakimu hiyo: laki moja. Na moshi unaouzungusha huwa na joto la digrii 800 au 900. Maji huchemka kwa digrii 100 tu.

Msidhani kwamba tabo ni kitu cha magari ya mbio peke yake. Malori na mabasi mengi ya dizeli yanayopita hapa yana tabo. Ule mlio mwembamba kama filimbi unaousikia basi linapopanda mlima, mara nyingi ndiyo yenyewe inayofanya kazi.

Wazee wengine watakumbuka mbio za Safari Rally. Zilianza mwaka 1953, na siku zile zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka 1984, 1985 na 1986 zilishindwa, kwa maana ya kutwaliwa, na gari la Toyota Celica lenye tabo, mara 3 mfululizo. Subaru Impreza nayo ikaja kushinda mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Kwa hiyo kijana wetu hakuokota jina la gari lake njiani.

GARI LA MAREKANI LILILOISHIWA MAJI

Tuseme kijana anapata tabo kubwa. Hewa inaingia nyingi zaidi. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba hewa ikibanwa hupata joto. Shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi, utaona. Hewa inayotoka kwenye tabo inaweza kufika digrii zaidi ya 100 kabla haijaingia kwenye injini. Kisha pistoni nayo inaibana tena. Joto likizidi, petroli haingoji cheche ya plagi ifanye kazi yake taratibu. Sehemu yake inalipuka yenyewe, mahali pasipotakiwa na wakati usiotakiwa. Mafundi huita kugonga. Ukisikiliza vizuri, unasikia kama changarawe zinatikiswa ndani ya debe. Kugonga huko kukiendelea, pistoni inavunjika kingo au inatoboka. Kwenye gereji tuliyotembelea walituonyesha pistoni moja yenye tundu katikati, kubwa kuliko kidole gumba. Fundi aliiweka dirishani. Alisema anaiweka hapo ili wateja wenye haraka waione kabla hawajazungumza bei.

Kampuni kubwa nayo iliwahi kupata taabu hiyo. Mwaka 1962, kule Marekani, Oldsmobile walitoa gari lenye tabo liitwalo Jetfire. Lilikuwa miongoni mwa magari madogo ya kwanza kabisa duniani kuuzwa na tabo. Injini yake ilikuwa ya lita 3.5 na nguvu za farasi 215. Wahandisi walijua kwamba injini hiyo itagonga, kwa sababu pistoni zake zilibana hewa mno: iliyojaza nafasi 10 na robo ilibanwa ikae katika nafasi 1. Dawa waliyobuni ilikuwa kunyunyiza maji yaliyochanganywa na spiriti ya methanoli ndani ya injini ili kuipoza. Maji hayo yalikuwa na tangi lake. Mwenye gari alitakiwa kulijaza.

Watu hawakulijaza! Walikuwa wamezoea petroli na oili, nani akumbuke tangi la tatu? Tangi likikauka, gari lilijizuia lenyewe na nguvu zikapotea, na wenye magari wakalalamika. Gari hilo lilitengenezwa miaka 2 tu, 1962 na 1963. Baadaye kampuni ikawapa wenye magari nafasi ya kung'olewa tabo na kufungiwa kabureta ya kawaida.

Tumesimulia kisa hiki kwa sababu tabo yenyewe haikuwa na kosa kubwa. Kilichoharibu mambo ni vitu vilivyoizunguka. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Fundi mzee wa gereji ile alituambia kwamba kufunga tabo ni kazi ya siku 1 au 2, lakini kuitayarisha gari ni kazi ya miezi.

PIMA INJINI KWANZA

Gari la kijana limetumika miaka mingi Japani kabla ya kupandishwa meli. Nani anajua liliendeshwaje? Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji kununua kitu chochote kikubwa. Ni kupima.

Injini ya Impreza ina silinda 4. Hazikusimama wima kama za magari mengi. Zimelala, 2 upande huu na 2 upande ule, zimepeana mgongo. Fundi anawasha injini mpaka ipate joto. Anaizima, anafungua plagi zote 4, anakata umeme wa cheche na petroli. Kisha anafunga geji kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza. Mwenzake anakanyaga mafuta mpaka mwisho na kuzungusha injini kwa stata. Geji inaonyesha silinda ile inabana hewa kwa pauni ngapi. Anaandika. Anakwenda silinda ya pili, ya tatu na ya nne.

Hapa ndipo kisomo kinapofaa, ndugu msomaji. Fundi akikuambia "injini nzima kabisa, baba", mwombe namba 4. Tuseme amekuletea hizi: 150, 148, 152 na 105. Tatu za kwanza zinakaribiana. Ya nne iko chini sana. Mafundi wengi hukubali tofauti ya sehemu 10 katika 100. Sehemu 10 katika 100 za 150 ni 15. Ukitoa 15 katika 150 unapata 135. Silinda yoyote iliyo chini ya 135 ina jambo.

Jambo gani? Fundi mwangalifu anachukua kompresa, anapuliza hewa ndani ya silinda ile wakati pistoni iko juu na vali zimefungwa. Halafu anasikiliza hewa inatorokea wapi. Ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ringi za pistoni zimekwisha, au pistoni yenyewe imevunjika. Ikisikika kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi haizibi. Ikisikika kule hewa inakoingilia, vali ya kuingizia ndiyo mbovu. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi ya kichwa cha injini imeungua.

Injini yenye silinda moja mgonjwa huweza kutembea miaka mingine kwa mwendo wa kawaida. Ukiiongezea tabo kubwa, silinda ileile ndiyo itakayokufa kwanza, na ikifa inaharibu na zile nzima. Kwa hiyo, kama namba si nzuri, mazungumzo ya tabo yasimame hapo. Fedha zote ziende kwenye injini. Sisi tungekuwa mahali pa mzee tusingetoa hata shilingi moja kabla ya kuziona namba hizo.

OILI

Mhimili unaozunguka mara laki moja haugusi chuma. Unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyo inatoka kwenye injini kwa bomba dogo, inapita ndani ya tabo, kisha inarudi chini. Ikikosekana hata kwa muda mfupi, mhimili unasaga beringi zake na tabo imekwisha.

Kwa sababu hiyo bomba la oili lisafishwe, au afadhali libadilishwe. Katika baadhi ya injini za Subaru kuna kichujio kidogo sana kilichofichwa ndani ya skrubu ya bomba hilo. Kikiziba kwa uchafu wa oili nzee, tabo mpya hufa kwa kiu, na mwenye gari husema ameuziwa tabo mbovu. Bomba la kurudishia oili nalo liwe pana na literemke moja kwa moja. Oili hurudi kwa uzito wake tu, kama maji ya mfereji. Likipinda kwenda juu, oili inajaa ndani ya tabo na kuvujia kwenye ekzosi, na gari linatoa moshi wa buluu.

Na kama tabo ya zamani ilivunjika, vipande vyake vimekwenda wapi? Vingine vimo kwenye mabomba ya hewa, vingine vimeingia kwenye oili. Lazima vyote visafishwe kabla ya kufunga mpya.

Siku ya kwanza ya kuwasha injini, fundi hatakiwi kuwasha moja kwa moja. Anakata cheche na petroli, anazungusha injini kwa stata mara kadhaa ili oili ifike kwenye tabo kwanza. Ndipo anawasha. Na dereva naye ana wajibu wake. Akitoka kwenye mwendo mkali asizime gari papo hapo. Aache injini iunguruma polepole dakika 1 au 2. Akizima ghafla, oili iliyobaki ndani ya tabo ya moto huungua na kuwa kama masizi ya sufuria. Madereva wa malori wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana unawaona wamefika, wameegesha, lakini injini bado inaunguruma.

PETROLI NA MAMBO MENGINE

Ukiongeza hewa lazima uongeze petroli. Tulisema kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hiyo ni kwa mwendo wa utulivu. Tabo inapofanya kazi kwa nguvu, injini hupewa petroli zaidi, yaani karibu kilo 12 za hewa kwa kilo 1. Petroli hiyo ya ziada husaidia kupoza. Sasa, pampu ya petroli ya zamani ilipangwa kwa tabo ndogo. Nozeli zinazonyunyiza petroli vilevile. Zisipobadilishwa, hewa inazidi petroli, joto linapanda, na pistoni itapata tundu kama lile la dirishani.

Halafu kuna aina ya petroli. Uwezo wa petroli kuvumilia joto bila kugonga hupimwa kwa namba iitwayo oktani. Impreza nyingi za mbio zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani zilipangwa kutumia petroli ya bei ya juu ya huko, yenye oktani 100 hivi. Petroli inayouzwa kwenye vituo vyetu ina oktani chini ya hapo. Maana yake ni kwamba gari hili, hata kabla ya kuguswa, limekaribia mpaka wake. Jambo hili vijana wengi hawalipendi kulisikia. Wanasoma habari za gari lililotoa nguvu za farasi mia nne kule Japani au Uingereza, wakasahau kuuliza lilikunywa petroli gani.

Hewa ya moto inapozwa katika kitu kiitwacho intakula. Ni kama rejeta, ila badala ya maji inapitisha hewa. Tabo kubwa inataka intakula kubwa. Rejeta ya maji, mipira yake na thamostati vikaguliwe, na vilivyochakaa vibadilishwe bila kubishana. Plagi ziwe za aina inayopoa upesi, na nafasi ya cheche ipunguzwe kidogo, maana upepo mwingi huizima cheche kama unavyozima kiberiti. Klachi nayo, kama ni ya zamani, itateleza siku ya kwanza.

Mwisho wa yote ni kompyuta ya injini. Magari haya yana kisanduku kinachoamua petroli inyunyizwe kiasi gani na cheche itoke lini. Kisanduku hakijui kwamba umefunga tabo kubwa. Lazima fundi mwenye ujuzi huo akipange upya, gari likiwa juu ya mashine ya magurudumu inayopima nguvu, na geji ya kupima moshi ikiwa kwenye ekzosi. Mafundi wa kazi hii si wengi na bei yao si ndogo. Iandikwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Kumekuwa na watu walionunua vifaa vyote wakaishiwa fedha hapo, wakaliendesha gari hivyohivyo "polepole tu" mpaka gereji. Hawakufika.

BREKI

Tumeliacha jambo hili nyuma kwa sababu ndilo tunalotaka mlikumbuke mkifunga gazeti.

Katika barua ya kijana kulikuwa na orodha ya vifaa 9 na bei zake. Tuliisoma pamoja na mzee, mstari kwa mstari. Hapakuwa na breki.

Tufanye hesabu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Dereva anakanyaga breki, gari linasimama baada ya mita 14. Je, likienda kilomita 100 kwa saa, litasimama baada ya mita ngapi? Darasani wengi walijibu mita 28. Mwendo umeongezeka mara 2, na umbali mara 2. Jibu hilo si sahihi. Jibu ni mita 56. Mwendo ukizidishwa mara 2, umbali wa kusimama unazidishwa mara 4, yaani 2 mara 2. Na hapo hatujahesabu umbali ambao gari linapita wakati dereva bado anashtuka.

Mita 56 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Pimeni kwa hatua, mwanzie mahali watoto wanapovukia barabara kwenda shule. Mama mmoja darasani alitoka nje akapima kweli. Alirudi amenyamaza.

Nguvu zote za mwendo zinageuka joto kwenye breki. Diski nyembamba na pedi za kawaida zikipata moto mno hazishiki tena. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa miaka inavyopita. Yakipata moto unyevu huo unachemka, na dereva anakanyaga pedali inayozama mpaka chini bila gari kupunguza mwendo. Kwa hiyo mafuta ya breki yabadilishwe, pedi na diski ziwe za kufaa nguvu mpya, mipira ya breki ikaguliwe, na matairi yasiwe ya kuokoteza. Tunajua breki hazina sifa. Hakuna kijana anayeita wenzake waje kuona pedi za breki. Lakini gari hilo litapita barabarani kabla ya kufika kwenye mbio.

Kuhusu ukubwa wa tabo wenyewe, fundi mzee alitupa neno ambalo tumelipokea. Tabo kubwa mno huchelewa kuamka. Dereva anakanyaga mafuta, injini inasita, kisha nguvu zinakuja zote kwa pamoja, pengine akiwa katikati ya kona. Kwa mbio za barabara za vumbi zenye kona nyingi, tabo ya kiasi inayoamka mapema humfaa dereva kuliko kubwa ya kujionyesha.

BARUA YA MZEE

Baada ya mazungumzo hayo mzee aliandika jibu mwenyewe. Ametupa ruhusa tuliandike hapa, bila jina lake.

"Mwanangu mpendwa, salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama yako hajambo. Barua yako nimeisoma. Ng'ombe bado wapo. Kabla sijauza, nipe namba 4 za injini yako. Niambie pia hewa inatorokea wapi, na umepanga shilingi ngapi za breki. Nipe na bei ya kupanga kompyuta. Nasubiri. Ni mimi baba yako."

Jibu lilikuja baada ya wiki 2. Kijana alianza kwa shikamoo, kisha akasema hakutegemea maswali hayo. Alikuwa amepima. Namba zake ni hizi: 148, 150, 146 na 118. Alipopuliza silinda ya nne kwa kompresa, hewa ilisikika kwenye tundu la kujazia oili. Breki alikuwa hajaziwekea kitu.

MASWALI

Someni pamoja na wenzenu darasani, kisha mjibu.

1. Sehemu 10 katika 100 za 150 ni ngapi? Silinda ipi ya gari la kijana iko chini ya kiwango?

2. Hewa ikisikika kwenye tundu la kujazia oili, ni kitu gani kimeharibika?

3. Gari linasimama baada ya mita 14 likienda kilomita 50 kwa saa. Likienda kilomita 150 kwa saa litahitaji mita ngapi? (Mwendo umezidishwa mara 3.)

4. Mtembeleeni mwenye mashine ya kusaga kijijini kwenu. Muulizeni oili hubadilishwa lini, na huandikwa wapi.

5. Je, mzee auze ng'ombe? Kama auze, auze 1 au 2, na fedha zinunue nini kwanza? Andikeni barua ya kurasa 1 kama kwamba ninyi ndio baba.